Pumba Tunazowaachia Kuku

Kwenye mashine za unga za Nyegina na vijiji jirani vya Musoma Vijijini, mwenye mahindi huulizwa swali moja kabla debe halijamiminwa: akoboe, au asage moja kwa moja? Wengi huchagua kukoboa. Sembe ni nyeupe, ni laini, na ugali wake hauna aibu mbele ya mgeni. Basi mama analipia kukoboa, analipia kusaga, kisha anarudi nyumbani na unga pungufu. Kulingana na mashine, hata robo ya mahindi yake inaweza kuishia kwenye pumba, na pumba hulishwa kuku na nguruwe. Kwa upande wa lishe, mifugo hiyo ndiyo imepata sehemu bora ya hindi.

Anayetaka kuhakikisha aloweke punje chache za mahindi usiku kucha, kisha azipasue kwa kucha. Ganda la nje litabanduka kama ngozi nyembamba. Hilo ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Karibu na ncha kuna kipande laini kinachochomoka chenyewe. Hicho ni kiini, sehemu inayoota mche, na humo mna sehemu kubwa ya mafuta ya hindi, vitamini E, vitamini za kundi B na madini kama zinki. Kinachobaki ni wanga na protini kiasi. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini. Dona ni punje nzima iliyosagwa, nayo ina takribani gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Sembe huwa na karibu nusu ya hizo, au pungufu.

Umuhimu wa nyuzinyuzi ulitiliwa mkazo na watu walioishi ng'ambo ya ziwa letu hili hili la Victoria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, bawasiri na kidole tumbo, yalikuwa nadra huko kwa wanavijiji waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975, yeye na Hugh Trowell, daktari mwenzake aliyefanya kazi Kenya na Uganda, walitoa kitabu kilichohusisha magonjwa hayo na vyakula vya wanga vilivyokobolewa. Si kila walichokisia kimethibitika, lakini kiini cha hoja yao kimesimama. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi, pamoja na wanaokula nafaka nzima kwa wingi, hupatwa kwa uchache zaidi na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kutoka kwenye chakula chenyewe.

Mkoa wa Mara hauhitaji kuagiza nafaka nzima kutoka mbali. Mtama na ulezi vimelimwa hapa tangu enzi za mababu. Udaga wa muhogo huchanganywa na mtama, na ugali wake huliwa kwa dagaa au samaki. Mchanganyiko huo una maana kubwa, kwa kuwa muhogo peke yake una protini kidogo sana. Hatari ya kuutegemea muhogo ilionekana mwaka 1985, wakati wa ukame, pale watu wilayani Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kutegemea muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ulezi nao una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakaribii hata kidogo.

Nafaka nzima ina pia kemikali inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha huipunguza, kwa hiyo uji uliochachushwa na togwa ya kimea ni ujuzi wa kweli wa lishe, na inasikitisha kuona soda ikichukua nafasi yake. Ninaungana pia na wanaopinga "unga wa lishe" unaochanganya mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga katika mfuko mmoja. Soya isiyopikwa vizuri humsumbua mtoto tumboni, na karanga huharibika upesi, zikaharibu unga wote. Saga ulezi peke yake, kisha ongeza karanga au maziwa wakati wa kupika.

Dona ina masharti yake. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, hivyo mahindi yenye ukungu yakisagwa mazima huwa hatari zaidi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, yahifadhiwe yakiwa makavu kabisa, na punje zilizooza au kubadilika rangi zitolewe kabla ya kusaga. Kwa sababu ya mafuta ya kiini, dona huchacha mapema. Saga ya wiki moja au mbili tu.

Kwa mwenye kisukari, dona iliyosagwa laini bado hupandisha sukari ikijazwa sahani nzima. Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage ni bora zaidi, kwa kuwa punje nzima humeng'enywa polepole.

Ombi langu ni kwa kamati za shule zinazopokea mahindi ya wazazi kwa ajili ya uji na ugali wa watoto: chambueni punje mbovu, kisha mwambieni mwenye mashine asage bila kukoboa. Gunia lile lile litatoa unga mwingi zaidi, na kiini kitabaki kwenye sahani ya mtoto.