Kabla ya Kuchora, Hesabu

Kila tukirusha kipindi kinachogusa kazi na wazazi, ujumbe unakuja wa aina moja. Safari hii umetoka kwa mdogo wetu mmoja hapa Toronto, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anataka kusomea usanifu wa nguo chuo kikuu, mama yake anataka uuguzi, na nyumbani hawasemeshani tangu Jumapili. Anauliza: "Dada, nimwambieje mama anielewe?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu kwenye simu, nikafuta. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2009, na nililiuliza kwa kichwa chini miguu juu. Mama yangu alikuwa ananielewa vizuri sana. Mimi ndiye nilikuwa simwelewi yeye.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Usanifu wa nguo siyo fasheni. Mtu wa fasheni anabuni gauni, sisi tunabuni kitambaa chenyewe: michoro, rangi, uzito, jinsi nyuzi zinavyofumwa. Pazia lako, shuka yako, kiti cha basi ulichokalia asubuhi, vyote kuna mtu alikaa mezani akaamua viwe hivyo. Watu wengi hawajui kama hiyo ni kazi. Mama yangu alijua.

Nimekulia Don Mills Road, kwenye yale majengo marefu ya Flemingdon Park, ghorofa ya 11. Kituo cha Sayansi cha Ontario tulikuwa tunakwenda kwa miguu. Sebuleni kwetu hapakuwa na meza ya chakula. Palikuwa na cherehani mbili, moja ya kawaida na moja ya ovaloki, na chakula tulikula mkekani. Mama ni mtu wa Tanga, ufundi alikuja nao. Miaka ya 90 alikuwa anashonea nyumbani: Jumatatu gari linaleta mafurushi ya vipande vilivyokwisha katwa, Alhamisi linakuja kuchukua. Wiki hii kola, wiki ijayo mifuko. Hakuwa peke yake. Toronto ya miaka hiyo ilikuwa imejaa washonaji wa nyumbani, wengi wao wanawake wahamiaji, na sauti ya ovaloki ilisikika mpaka kwenye korido.

Analipwa kwa kipande. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijui ni hesabu yake.

Siku nilipomwambia nimepata nafasi chuo, na kwamba nimechagua nguo, alikuwa anakunja kanga. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Nguo? Mimi nimekaa kwenye nguo miaka tisa ili wewe usikae."

Nikaenda kuwaambia rafiki zangu kwamba mama haelewi sanaa. Yaani mtu aliyeshika kitambaa tangu ana miaka 12! Ndiyo akili ya miaka 18, tusameheane.

Basi nikaenda OCAD University, pale McCaul Street, kwenye lile jengo jeupe lenye madoa meusi lililosimamishwa juu ya nguzo za rangi kama meza. Kutoka kwetu ni basi la 25 hadi Pape, halafu treni hadi St. Patrick. Miaka minne. Nisikudanganye, nilipenda kila siku. Tulijifunza kufuma kwenye kitanda cha mfumi, kutia rangi, kuchapa kwa skrini. Kwenye skrini kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo ua lenye rangi sita ni fremu sita, na zote lazima zikae sawasawa, ikikosea moja kidogo tu ua linaonekana limelewa. Tulijifunza marudio, yaani namna ya kuchora kipande kimoja kikajirudia mita elfu bila jicho kuona kiungo.

Mwaka wa pili tulifundishwa kupima kama rangi inachujuka. Unachukua kitambaa cheupe cha pamba, unasugua kwenye nguo kikiwa kikavu, halafu kikiwa kimelowa, unalinganisha doa na kipimo cha rangi ya kijivu. Nimekaa maabara nikacheka peke yangu. Mama dukani alikuwa analowesha ncha ya leso yake nyeupe, anasugua pindo la kanga, anamtazama muuzaji usoni. Kipimo ni kilekile, tofauti ni kwamba maabara wanaandika namba.

Kwa mradi wa mwisho nilichagua kanga. Nilidhani itakuwa rahisi, kwani si nimelala juu yake tangu nimezaliwa? Kumbe kanga inavunja kila nilichofundishwa. Haijirudii mita kwa mita. Ni nguo iliyopimwa: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji, na inauzwa doti, vipande viwili. Mchoraji lazima ajue kabla ya yote mtu ataikata wapi, ataifunga vipi, na jina litaangukia wapi mwilini. Nilichora mji wa mikoko na mashua, rangi saba, nikajivunia. Nikampelekea Mama akiwa jikoni.

Aliitazama muda mrefu. "Nzuri," akasema. "Rangi saba. Nani ataichapa? Na ikichapwa, nani wa Barabara ya Ishirini ataweza kuinunua?"

Akafungua kabati akanitolea za kwake. Nyingi ni rangi mbili, tatu. Na zina kitu nilichokuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukisoma. Ile ya zamani kuliko zote, iliyotoka Mombasa, imeandikwa kwa herufi ndogo "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na linajulikana mpaka leo kwa kanga. Jina la mfanyabiashara lipo. Jina la aliyechora halipo. Sisemi hivyo kumlaumu mtu, ndivyo biashara ya kanga ilivyokwenda kwa zaidi ya karne, michoro ikichapwa Ulaya, India, Japani, na baadaye kwetu, kama pale Urafiki, Dar es Salaam, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968. Lakini kwa mtu anayejiandaa kuingia kazini, hilo ni somo: kwenye nguo, anayechora ndiye wa kwanza kusahaulika.

Nilipunguza rangi zikawa tatu. Ndiyo kazi bora niliyofanya chuoni.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kipindini niliipitia juu juu.

Miezi miwili baada ya kuhitimu, kampuni moja ya hapa mjini iliniita intavyuu. Wakapenda kazi zangu. Wakasema hatua inayofuata ni majaribio: nichore seti tatu kamili za vitambaa, kila moja na rangi zake mbadala, niwape faili zikiwa tayari kwenda kiwandani. Malipo? Hakuna, ni majaribio tu, wote wanafanya. Nilikuwa nadaiwa mkopo wa masomo wa serikali ya Ontario, na sijapata ofa nyingine. Nikarudi nyumbani mbio kumwambia Mama.

Hakushangilia. Aliingia chumbani akatoka na daftari la shule, jalada la bluu, kurasa zimekuwa za njano. Sikuwahi kuliona. Ndani kuna tarehe, idadi, saa, pesa. Ukurasa mmoja wa mwaka 1996 naukumbuka kama namba yangu ya simu: kola 200, saa 19, dola 60. Kima cha chini Ontario wakati ule kilikuwa dola 6.85 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Na pembeni ya kila mzigo wa mtu mpya, ameandika neno moja: *sampuli*. Sampuli hazikulipwa. Ukizishona vizuri unapewa mzigo. Wakati mwingine unazishona vizuri na mzigo hauji, na sampuli hazirudi.

"Na mimi waliniambia wote wanafanya," akasema.

Tukakaa pale tukahesabu. Seti tatu, kwa kasi yangu, zilikuwa kama saa 40. Wiki nzima ya kazi. Nikawaandikia kwa heshima: nitafurahi kufanya seti moja, kwa malipo ya saa, na michoro itabaki mali yangu mpaka tuandikishane. Hawakujibu. Mpaka leo.

Sitaki kukuuzia hadithi tamu hapa. Ile kazi niliikosa. Nilikata vitambaa dukani Queen Street West miezi mitano, nikiwa na shahada, nikikutana na niliosoma nao wakija kununua uzi. Kuna usiku nilimlaumu Mama moyoni. Halafu ikatokea nafasi ndogo, msaidizi wa rangi kwenye ofisi inayotengeneza shuka na mapazia. Kazi yenyewe ni kukaa chini ya taa maalumu ukilinganisha kipande cha majaribio kilichotoka kiwandani na rangi iliyoagizwa, na kuandika "punguza wekundu kidogo". Haikuwa ndoto yangu. Ila kwenye intavyuu mkuu wa kitengo aliuliza swali ambalo wenzangu walisema liliwakwama: "Mchoro huu una rangi ngapi, na kwa nini siyo pungufu?" Nilikuwa nimeshaulizwa hilo jikoni. Leo, miaka zaidi ya kumi baadaye, mimi ndiye ninayeliuliza.

Kwa hiyo mdogo wangu, haya ndiyo ya kushika.

Jua kazi ziko wapi. Toronto wachoraji wachache sana wanaishi kwa kuuza michoro yao tu. Wengi wako kwenye ofisi za kampuni za nguo na vitu vya nyumbani, kwenye rangi, kwenye ununuzi wa vitambaa, kwenye maabara ya ubora, kwenye makumbusho. Nenda Textile Museum pale Centre Avenue, ni hatua chache kutoka stesheni ya St. Patrick, kaa mbele ya nguo moja saa nzima ujaribu kuhesabu rangi. Na kama moyo uko nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha usanifu na teknolojia ya nguo, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliwahi kununua kiwanda kizima, Rivatex.

Kazi zako za kuonyesha ziwe chache na zimekamilika. Mchoro mmoja wenye marudio safi, rangi zake mbadala, na kipande halisi kilichochapwa kinashikika mkononi, unashinda michoro 20 ya kwenye kompyuta.

Jua mali ni ya nani. Hapa Kanada ukiwa umeajiriwa, hakimiliki ya unachochora kazini ni ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Ukijitegemea ni yako mpaka utie saini kuitoa. Soma kabla ya kusaini. Kuhusu kazi ya bure, Ontario mazoezi ya kazi bila malipo yanaruhusiwa yakiwa sehemu ya masomo yako ya chuo. Ukishahitimu, mtu akikuomba wiki ya kazi bure, uliza malipo. Unaweza kuikosa nafasi kama mimi, lakini ujue umekosa nini, kwa namba.

Na mama yako, usimwambie akuelewe. Muulize yeye anaijua vipi hiyo kazi. Pengine ana daftari. Pengine ana shangazi aliyelala njaa akiwa na cherehani. Ukishasikia, mletee hesabu: ada, mkopo, mishahara ya kuanzia uliyoitafuta mwenyewe kwenye matangazo ya kazi. Mama zetu hawa wamevuka bahari kwa hesabu.

Mwaka juzi nilimchukua Mama tukaenda dukani, Shops at Don Mills, kununua zawadi ya harusi. Kwenye rafu palikuwa na seti ya shuka, mchoro wangu, jina langu halipo popote. Nikamwonyesha. Akageuza kitambaa upande wa nyuma, akavuta pindo, akatoa tishu mkobani, akailowesha ulimi, akasugua. Haikuchuja.

"Saa ngapi hii?" akauliza.

"Ishirini na sita, Mama."

"Wamekulipa zote?"

"Zote."

Akaiweka kwenye toroli, akaniambia nilipe mimi.