Mtoto Aliyelazwa Horini ni Nani?

Noeli katika Kanisa Katoliki ina misa tatu, na kila moja ina Injili yake. Kwenye misa ya usiku, ambayo wengi huiita ya mkesha, Luka anatusimulia safari ya Yosefu na Maria kwenda Bethlehemu na jinsi mtoto alivyolazwa horini. Alfajiri wachungaji wanafika kumwona. Kisha inakuja misa ya mchana, watoto wamevaa nguo mpya na pilau inanukia majumbani, na Injili inayosomwa haina mtoto, haina hori, haina hata Bethlehemu. Ni mwanzo wa Injili ya Yohana, unaorudi nyuma mpaka kabla ya ulimwengu kuumbwa, unaomzungumzia Neno aliyekuwako kwa Mungu, naye mwenyewe ni Mungu, ambaye alitwaa mwili akakaa na watu.

Aliyekuja na wanawe ili wasikie habari za malaika na wachungaji anaweza kuona amepunjwa. Lakini mpangilio huo una shabaha. Usiku Kanisa linasimulia kilichotokea, na mchana linasema aliyezaliwa ni nani. Ukristo umeweka uzito wake wote kwenye jibu la swali hili la pili. Bila jibu hilo, Krismasi ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mwalimu mmoja mashuhuri, na walimu mashuhuri duniani ni wengi.

Kaisari na hori

Tuanze na usiku. Luka anafungua simulizi yake kwa kumtaja mtawala, Kaisari Augusto, aliyeamuru watu waandikishwe. Hilo si pambo la kihistoria tu. Sarafu za Augusto zilimwita mwana wa mungu, kwa kuwa Julius Caesar, aliyemrithisha jina na mali kama mwanawe, alitangazwa kuwa mungu baada ya kuuawa. Mwaka 9 Kabla ya Kristo, miji ya jimbo la Asia, katika eneo ambalo leo ni Uturuki, iliazimia mwaka wao uanze siku aliyozaliwa Augusto, yaani tarehe 23 Septemba. Azimio hilo lilichongwa kwenye jiwe mjini Priene, na maandishi yake yanasomeka hadi leo. Yanamsifu Kaisari kuwa mwokozi aliyekomesha vita, na yanasema siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu.

Sasa waangalie malaika wa Luka wanazungumza nini na wachungaji: habari njema, mwokozi, amani duniani. Ni maneno yaleyale ya jiwe la Priene, ila amevuliwa Kaisari akavikwa mtoto wa watu wa kawaida, katika mji mdogo wa jimbo la mbali. Msomaji wa karne ya 1 aliyezoea matangazo ya serikali hakuhitaji mtu wa kumfafanulia kijembe hicho.

Na ishara wanayopewa wachungaji ili wamtambue mwokozi huyo ni hori la kulishia mifugo. Luka analitaja mara tatu ndani ya aya chache, kana kwamba anaogopa tutalipita. Ng'ombe na punda tunaowaona kwenye mapango ya Noeli makanisani hawamo katika Injili. Wamekuja baadaye, kwa msaada wa maneno ya nabii Isaya kuhusu mnyama anayelijua hori la bwana wake. Hata idadi ya mamajusi haimo. Mathayo anataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, na watu wakahesabu wageni kwa kuhesabu zawadi. Mapambo hayo hayana ubaya, mradi yasilifunike hori lenyewe. Luka anataka tushangae kwamba cheo alichokuwa nacho mtawala wa dunia kimetangazwa juu ya mtoto asiye na hata pa kulala.

Tunapokubaliana na jirani Mwislamu

Mshangao huo una maana kamili tu ikiwa mtoto huyo ni yule anayetajwa na Yohana mchana. Hapa ndipo Wakristo wanapoachana na wengine wengi wanaomheshimu Yesu.

Katika miji yetu, ambako Mwislamu hupelekewa sahani ya Krismasi na Mkristo hualikwa siku ya Idi, ni vizuri kujua tofauti iko wapi hasa. Wengi hudhani iko kwenye uzazi wa bikira. Sivyo. Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, sura ya 19, inayosimulia jinsi uchungu ulivyomshika penye shina la mtende na jinsi alivyomzaa Isa bila kuguswa na mwanamume. Mwislamu analiamini hilo. Lakini sura ya 3 inamfananisha Isa na Adamu, na wafasiri wanaeleza hoja yake hivi: ikiwa Adamu aliumbwa bila baba wala mama, na hakuna anayemwita Mungu, kuzaliwa bila baba hakuwezi kuwa ushahidi kwamba Isa ni Mungu.

Mkristo makini hana haja ya kuipinga hoja hiyo. Ni kweli, kukosa baba wa duniani peke yake hakumfanyi mtu kuwa Mungu. Katika mafundisho ya Kikristo ubikira wa Maria ni ishara, na jambo linaloashiriwa ni Umwilisho: Mwana wa Mungu, aliyekuwako tangu milele, alitwaa ubinadamu kamili na kuwa mtu bila kuacha kuwa Mungu. Wanaposema Mungu ana Mwana, Wakristo hawasemi habari za mke au uzazi wa kimwili. Wanasema Mwana anatoka kwa Baba milele, bila mwanzo, na kwamba Mungu anabaki kuwa mmoja. Mwislamu hawezi kulikubali hilo, kwa kuwa kwake linagusa tauhidi, yaani umoja wa Mungu, kiini cha imani yake. Tofauti hiyo ni ya kweli, na majirani wema hawana sababu ya kuificha.

Ugomvi wa Nisea

Isitoshe, Wakristo wenyewe waligombana vikali juu ya jambo hilohilo. Mwanzoni mwa karne ya 4 huko Aleksandria, Misri, padri aliyeitwa Ario alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Ni wa kwanza na mkuu kuliko viumbe vyote, alisema, lakini palikuwa na wakati ambapo hakuwako. Ario alidhani kwa kusema hivyo analinda umoja wa Mungu. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, mji ambao leo ni İznik nchini Uturuki, na Mtaguso huo ukakiri kwamba Mwana hakuumbwa na kwamba umungu wake ni uleule wa Baba.

Mambo hayakuishia hapo. Watawala waliofuata walibadilika na upepo, na mtetezi mkuu wa Nisea, Athanasi, aliyekwenda huko akiwa shemasi na kufanywa askofu wa Aleksandria mwaka 328, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Kwa nini mtu akubali taabu yote hiyo kwa ajili ya swali linaloonekana kuwa la wasomi?

Fikiria baba ambaye mwanawe amemkosea akatoroka nyumbani. Baba anaweza kutuma wazee wakamwite. Wakifika, kijana atajua kwamba baba anataka arudi. Lakini baba akifunga safari mwenyewe, akamfuata hadi kwenye chumba chake cha kupanga na kulala naye kwenye mkeka mmoja, kijana atajua jambo jingine kabisa kuhusu baba yake. Yesu wa Ario ni mzee aliyetumwa, hata kama ndiye mzee wa heshima kuliko wote. Yesu wa Nisea ni mwenye nyumba aliyekuja mwenyewe. Athanasi aliongeza hoja nzito zaidi: wanadamu wameshikwa na mauti, na kiumbe hawezi kumpa kiumbe mwenzake uhai ambao yeye mwenyewe ameupokea tu. Anayeweza kumfanya mtu upya ni yule aliyemfanya tangu mwanzo.

Upande wa pili kulikuwa na kosa la zamani zaidi, la wale walioukubali umungu wa Kristo lakini wakauonea haya mwili wake. Walisema alionekana tu kuwa mtu. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasi, askofu wa Antiokia, akiwa chini ya ulinzi wa askari njiani kwenda kuuawa Roma, aliandika barua kuwaonya Wakristo juu ya mafundisho hayo. Alisisitiza kwamba Yesu alizaliwa kweli, alikula na kunywa kweli, aliteswa kweli. Katika karne ya 4 Gregori wa Nazianzo aliipeleka hoja hiyo mbele dhidi ya waliosema Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Kama hakuitwaa, alisema, akili zetu zimebaki bila mganga.

Mitaguso iliyofuata ilifunga milango yote miwili. Efeso, mwaka 431, ilimwita Maria Mama wa Mungu, na shabaha ya sifa hiyo ilikuwa kumlinda mtoto: aliyemzaa si mtu ambaye baadaye Mungu alimwingia, ni Mungu Mwana mwenyewe katika mwili. Kalsedonia, mwaka 451, ilisema Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, zisizochanganyika wala kutengana. Makanisa ya Kikopti na Ethiopia hayakuipokea kauli hiyo ya Kalsedonia, lakini nayo yanakiri kwamba aliyezaliwa na Maria ni Mungu kamili na mtu kamili.

Mabishano hayo yote yameacha alama moja unayoweza kuiona kwa macho. Jumapili za kawaida, Kanuni ya Imani inapofika kwenye maneno kwamba Mwana alipata mwili, Wakatoliki huinama. Siku ya Noeli hupiga magoti. Hufanya hivyo pia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, ambayo ni miezi tisa kamili kabla ya Noeli.

Tarehe yenyewe

Miezi hiyo tisa inatupeleka kwenye swali ambalo huulizwa kila Desemba: tarehe 25 ilitoka wapi? Injili hazitaji siku wala mwezi. Waraka wa Kirumi wa mwaka 354 unaonyesha kwamba Roma ilikuwa ikiadhimisha Noeli tarehe hiyo kufikia mwaka 336. Wapo wataalamu wanaosema Wakristo waliichukua siku hiyo kutoka ibada ya Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aureliano alilijengea hekalu mwaka 274. Wengine wanasema walihesabu kuanzia 25 Machi, siku waliyoamini Yesu alitungwa mimba na pia kusulubiwa. Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei Noeli kabisa, wakisema asili yake ni ya kipagani. Wakristo wa Ethiopia huadhimisha tarehe 7 Januari kwa sababu ya kalenda yao.

Hata mwaka una kasoro. Mmonaki Dionysius Exiguus, aliyeanzisha hesabu ya miaka ya Kristo mwaka 525, alikosea kidogo. Herode, aliyekuwa hai Yesu alipozaliwa, alikufa mwaka 4 Kabla ya Kristo kwa hesabu ya wanahistoria wengi. Lakini imani ya Noeli haitegemei kalenda. Inasema jambo hilo lilitokea kweli, mahali panapojulikana, chini ya watawala wenye majina. Kumbukumbu yake tunaweza kuiweka siku yoyote.

Hori na kaburi

Tazama ikoni ya Noeli ya Makanisa ya Mashariki. Maria amejilaza kando ya pango jeusi. Mtoto amefungwa vitambaa mwili mzima kama maiti iliyoviringishwa sanda, na hori lake limechorwa kama jeneza la mawe. Mchoraji hakukosea. Anasema huyu amezaliwa ili afe, na lile pango la Bethlehemu linatazamana na kaburi la Yerusalemu. Kalenda ya Magharibi inasema hivyo hivyo kwa njia yake: siku moja tu baada ya Noeli ni sikukuu ya Stefano, shahidi aliyepigwa mawe, na tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Rangi nyeupe ya Noeli inapishana na nyekundu ya damu ndani ya wiki moja.

Ndiyo maana Mkristo hawezi kuusoma Umwilisho kama ziara fupi ya Mungu duniani, kana kwamba alivaa ubinadamu kama vazi la safari na kulivua aliporudi. Kanisa linafundisha kwamba Kristo alifufuka na kupaa akiwa na mwili aliouzaa Maria, na kwamba hatauacha kamwe. Tangu Bethlehemu, ubinadamu wetu uko ndani ya maisha ya Mungu mwenyewe. Athanasi alithubutu kusema kwamba Mungu alifanyika mtu ili mtu ashirikishwe umungu.

Anayekiri hivyo anajifunga kwa jambo zito kuliko sherehe. Mwili wa binadamu, wa kichanga asiyetakiwa, wa mzee asiyejiweza, wa mfungwa, wa maiti isiyo na ndugu pale mochwari, ni wa aina ileile ambayo Mungu ameitwaa kuwa yake. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo kwa uaminifu, na wengi wanaikataa. Akiikubali, hana tena ruhusa ya kumwita mtu yeyote takataka.