Gundi Iliyong'ang'ania Mkanda wa Saa

Saa mpya ya mkono, hasa iletwayo zawadi ya Idi au ya harusi, aghalabu huja imevikwa plastiki nyembamba ili chuma chake kisikwaruzike njiani. Plastiki hiyo ikibanduliwa mapema huondoka nzima. Lakini wengi wetu huiacha tukidhani kuwa twaitunza saa, na joto la mwambao wetu halina subira. Baada ya muda plastiki hukatika vipande vipande, gundi yake ikabaki juu ya pingili za mkanda. Vumbi na jasho vikiongezeka, utando ule hugeuka mweusi na kunata.

Jambo hili si la urembo peke yake. Gundi iliyolainika kwa joto huweza kuhama kutoka kwenye chuma ikashika ngozi ya mkono, mahali ambapo maji ya udhu ni lazima yafike. Tumesoma tangu chuoni kuwa kiungo kinachooshwa hakifai kuwa na kitu kinachozuia maji kufika ngozini, na gundi yenye kiwiliwili ni kizuizi, hata iwe doa dogo. Basi anayevua saa kwa ajili ya kutawadha na autazame mkono wake pia. Asiyeivua, naye saa yamkaa kwa kubana, na aisogeze maji yapite chini yake.

Hamaki ya kwanza huwa ni kukwangua. Hushikwa kisu, wembe, au ule waya wa kusugulia masufuria, na hapo ndipo saa nyingi huharibiwa. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu, walakini michirizi hukiingia upesi na haifutiki kwa kitambaa. Mkanda uliopakwa dhahabu ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwani dhahabu ile ni utando mwembamba mno. Ukishatoka umetoka, na chini yake huonekana madini ya rangi nyingine. Maji matupu nayo hayafui dafu, maana gundi ya vibandiko haiyeyuki kwa maji. Mafuta ndiyo huipenya, yakailainisha na kuifanya iachie chuma.

Kwa bahati njema, mafuta ya nazi hayakosekani majumbani mwetu. Ikiwezekana, mkanda utenganishwe na saa yenyewe. Asiyejua kuvitoa vile vijiti vyenye springi ampelekee fundi wa saa, kwani vikiruka havionekani tena. Ikiwa hautolewi, basi saa ifunikwe vizuri kwa kitambaa kikavu. Tusighurike na maandishi ya nyuma: saa iliyoandikwa kuwa yahimili maji ya mita 30 huhimili matone na marasharasha, si kuzamishwa bakulini.

Pamba ichovywe mafuta, gundi ipakwe hadi ilowe, kisha iachwe nusu saa. Kungoja huku ndiko kazi yenyewe. Anayesugua mara moja huitandaza gundi tu. Baada ya hapo isukumwe kwa kidole gumba, nayo itajikunjakunja kama taka za ufutio. Katikati ya pingili, ambako kidole hakifiki, kitumike kijiti cha meno cha mti. Kisha mkanda uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, usuuzwe, na kukaushwa vyema. Gundi ya zamani huenda ikataka mafuta mara mbili au tatu. Na iliyo mkononi huondoka kwa njia iyo hiyo. Sabuni iondoe mafuta yote kabla ya kutawadha.

Mabaki yakikaidi, pamba iliyotiwa spiriti kidogo huyamaliza, mradi isiguse kioo cha plastiki wala ngozi. Wapo miongoni mwetu wanaojitenga na spiriti kwa sababu ya hukumu ya ulevi. Hao mafuta na sabuni yatawatosha, ila kwa muda mrefu zaidi.

Gundi kali ya matone, ile inayogandisha vidole kufumba na kufumbua, ni habari nyingine. Hiyo hulainishwa na asetoni, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika baadhi ya chupa za kuondolea rangi ya kucha. Asetoni hula plastiki na rangi, basi itumike juu ya mkanda uliokwisha kutenganishwa na saa tu, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa. Petroli isiingie nyumbani kwa kazi hii kabisa: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukalifikia jiko lililo mbali. Na mafuta ya taa, hata yawe kidogo ya kufutia tu, yasitiwe katika chupa ya soda wala ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu huitambua chupa, haulizi kilichomo.