Akiba ya Nyumba ya Kwanza: Arbuni na Gharama Ziifuatazo

Wazee walinena, Akiba haiozi. Neno hili ni la kweli, walakini akiba iliyohesabiwa nusu yaweza kumtia mwenyewe hasarani. Watu wengi katika Kenya wakitaka kununua nyumba huuliza bei, wakatafuta arbuni, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe ziko fedha nyingine zisizotajwa katika bei, nazo ndizo ziwakwamishazo wanunuzi njiani. Twataka kuzieleza moja moja, nasi twawaomba machifu na walimu wawasomee wenzao wasioweza kusoma.

Kwanza, arbuni. Benki haimkopeshi mnunuzi bei yote. Hutoa sehemu, na iliyobaki yampasa aitoe mwenyewe. Benki nyingine hutoa sehemu tisa katika kumi, nyingine nane tu, basi ulizeni mapema. Desturi ya Kenya ni kwamba siku ya kutia sahihi mapatano mnunuzi hulipa sehemu moja katika kumi ya bei, na baki hulipwa katika muda uliopatanwa, ambao mara nyingi ni siku 90. Arbuni hiyo haifai kutiwa mkononi mwa mwuzaji. Yafaa ikae kwa wakili kama amana hata mambo yatimie.

Pili, ushuru wa stempu. Ushuru huu hulipwa na mnunuzi, si mwuzaji, na pasipo kuulipa hati haiandikwi kwa jina lake. Mali iliyo ndani ya mipaka ya mji hutozwa shilingi 4 katika kila mia, na ya mashambani shilingi 2. Tena hesabu yake hufuata thamani iliyokadiriwa na mkadiriaji wa Serikali. Kwa hiyo aliyenunua kwa bei nafuu asistaajabu akidaiwa zaidi ya alivyotazamia. Mkopo wenyewe nao una ushuru wake, senti 10 katika kila shilingi mia.

Tatu, malipo ya watu wa kazi. Wakili hulipwa kwa kadiri iliyowekwa na kanuni, kulingana na bei ya mali, na juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, shilingi 16 katika kila mia. Wakili wa benki naye hulipwa na mkopaji. Kadhalika mthamini wa nyumba, ada ya benki, na bima.

Ili jambo hili liwe wazi, tutoe mfano wa nyumba ya mjini ya Sh. 3,000,000, ambayo benki imekubali kuikopeshea Sh. 2,700,000. Arbuni na ushuru tumevipiga kwa viwango tulivyotaja; malipo ya wakili na mengineyo tumeyakadiria tu.

Arbuni: Sh. 300,000
Ushuru wa stempu wa nyumba: Sh. 120,000
Ushuru wa stempu wa mkopo: Sh. 2,700
Wakili wa mnunuzi, pamoja na kodi: Sh. 69,600
Wakili wa benki, mthamini, ada na bima: Sh. 57,700
Jumla: Sh. 550,000

Sasa fikirini habari ya mtu awezaye kuweka Sh. 10,000 kila mwezi. Akihesabu arbuni peke yake, ataona miezi 30 yamtosha. Akihesabu yote, yampasa kuweka miezi 55, yaani miaka minne na miezi saba. Tofauti hii ndiyo yenye hatari. Mtu wa kwanza atatia sahihi baada ya miezi 30 na kuitoa arbuni yake yote. Tangu siku ile, siku 90 zaanza kuhesabiwa, naye atakiwa Sh. 250,000 nyingine. Katika miezi mitatu ataweka Sh. 30,000 tu. Zilizobaki atazitoa wapi? Ama atakopa kwa watu wa riba kali, ama atashindwa. Na mapatano mengi huandikwa kwamba mnunuzi akishindwa kutimiza, arbuni yake hupotea. Hivyo jasho la miaka miwili na nusu laweza kwisha katika miezi mitatu, wala nyumba hakuipata. Basi shauri letu ni hili: mtu asitie sahihi mpaka mafungu yote mawili yawe tayari, la arbuni na la gharama.

Mafungu hayo yawekwe wapi? Chama cha akiba na mikopo ni mahali pema, maana vingi hukopesha hata mara tatu ya akiba ya mwanachama. Lakini kwa kawaida akiba hiyo haitoki maadamu mtu angali mwanachama, na aliyemdhamini mwenziwe hufungika zaidi. Kwa hiyo fungu la gharama liwe benki, mahali pa kutoka upesi. Tangu mwaka 2020 amana ya kila mtu katika benki moja ya Kenya hulindwa hata Sh. 500,000 benki ikianguka. Mwenye zaidi ya hizo afadhali azigawe katika benki mbili.

Kabla arbuni haijatoka, yako mambo manne ya kutazamwa. Daftari la ardhi lichunguzwe, ijulikane mwenye mali ni nani, na kama mali ina rehani au zuio. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi, kwa kuwa tangu Juni 2003 mapatano ya ardhi ya mdomo hayawezi kushtakiwa mahakamani. Ikiwa mwuzaji ana mke au mume, na nyumba ndiyo makao yao, kibali cha mwenzake kipatikane. Na ikiwa ni shamba lililo chini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ombi la kibali lipelekwe katika miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali sheria huyahesabu mauzo hayo kuwa batili.

Hapa twasema na machifu hasa. Watu huja barazani na fedha mkononi, wakitaka chifu ashuhudie, kisha wazilipe papo hapo. Ushuhuda wa chifu wafaa, lakini haushiki mahali pa daftari la ardhi wala pa kibali cha Bodi. Chifu atakayewauliza, "Mmechunguza daftari? Na fedha za ushuru ziko?" atakuwa amewaepusha na kesi ya miaka mingi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila anayetazamia nyumba na achukue daftari dogo, aandike kurasa mbili, moja ya arbuni na moja ya gharama, na kila mwezi atie tarakimu katika zote mbili. Siku zitakapojaa pamoja, ndiyo siku ya kumwendea wakili.