Aya Irini: Kanisa la Amani Lililokuwa Ghala la Silaha

Ndugu zetu wanaokuja Istanbul kututembelea huuvuka ua wa kwanza wa kasri ya Topkapı wakikimbilia hazina za masultani, na ni wachache mno wanaogeuza uso upande wa kushoto, palipo na jengo la kale la mawe na matofali liitwalo Aya Irini, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni Amani Takatifu.

Kanisa hilo liliteketea mwaka 532 katika fitina ya Nika, uasi wa watu wa mji dhidi ya Kaisari Justinian, naye akalijenga upya. Kisha zilzala ya mwaka 740 ikaliharibu, nalo likatengenezwa katika zama ambazo dola ilikuwa imeharimisha picha makanisani. Ndiyo sababu katika nusu kuba iliyo juu ya madhabahu huoni sura ya Masihi wala ya Mariamu, ila msalaba mmoja mtupu, mweusi, katikati ya vijiwe vya dhahabu. Utazame kwa makini: fundi aliiinamisha mikono ya msalaba huo kidogo, kwa makusudi, ili mpindo wa ukuta usiupotoe, na aliyesimama chini auone umenyooka sawasawa.

Sultani Mehmed alipouteka mji mwaka 1453, kanisa kuu la Aya Sofia lilifanywa msikiti; lakini hili la Aya Irini, lililojikuta ndani ya kuta za kasri, likafanywa ghala la silaha, na nyumba ya Amani ikajaa panga na ngao. Nami nasadiki kwamba masaibu hayo ndiyo yaliyokuwa sitara yake, kwani ghala halihitaji mnara wala mihrabu, lahitaji paa lisilovuja na mlango madhubuti.

Silaha zilipochakaa zikageuka tunu. Mwaka 1846 Ahmed Fethi Paşa alizipanga humo pamoja na athari za kale, na mwaka 1869 mkusanyiko wa athari hizo ukaitwa Müze-i Hümayun, yaani Makumbusho ya Kisultani, ambayo ndiyo asili ya makumbusho ya akiolojia yaliyo jirani hivi leo. Baadaye jeshi nalo likaweka hapo makumbusho yake. Mwaka 1987 Biennale ya kwanza ya Istanbul ilitundika sanaa zake ndani ya kuta hizo, na wanamuziki hulipenda hadi leo kwa jinsi sauti inavyodumu chini ya kuba.

Basi mkijaaliwa kupata tiketi ya tamasha humo, fikeni mapema, kabla taa hazijapunguzwa, mkae safu za mbele na muinue macho muutazame msalaba ule.