UFAFANUZI KUHUSU SPRINGI ZA PIKAPU ZA ZAMANI ZILIZOSHUSHWA

Wenye pikapu za zamani, madereva, mafundi wa karakana pamoja na wananchi kwa jumla wanaletewa maelezo haya kuhusu urekebishaji wa springi na shokomzoba katika gari zilizopunguzwa kimo. Madhumuni yake ni kufafanua kwa nini gari iliyoshushwa huhitaji marekebisho makubwa zaidi kuliko kubadilishwa springi peke yake, na kueleza mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyahakikisha kabla hajamlipa fundi. Pikapu hubeba watu na mizigo, na hupita mbele ya skuli, misikiti na masoko. Kwa hiyo uzima wa gari hiyo haumhusu mwenyewe peke yake.

Asili ya kushusha gari

Mtindo wa kushusha pikapu ulishamiri nchini Marekani, hasa katika jimbo la California. Miongoni mwa gari zinazopendwa sana kwa kazi hiyo ni Chevrolet C-10, na zaidi zile za matoleo ya mwaka 1967 hadi 1972. Baadaye vijana wa huko walizigeukia pia pikapu ndogo za Kijapani kama vile Toyota, Datsun na Mazda. Gari za jamaa hizo ndizo zilizozoeleka katika Unguja na Pemba, kwa hiyo mtindo huo unapoigwa visiwani haukosi wa kuupokea.

Hata hivyo, gari hizo hazikuundwa kwa namna moja. Nyingi za Chevrolet C-10 za miaka hiyo zina springi za koili mbele na nyuma, na ekseli yake ya nyuma hushikwa na mikono mirefu ya chuma. Toyota Hilux, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1968, hutumia nyuma springi za bapa, yaani vyuma vipana vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa yubolti. Hilux za kawaida za katikati ya miaka ya 1980 zina, kwa upande wa mbele, fito za chuma zinazojisokota badala ya koili. Kifaa kilichotengenezwa kwa gari moja kisilazimishwe kuingia katika gari nyingine, ijapokuwa kanuni zinazoziongoza zote ni zile zile.

Kazi ya springi na shokomzoba

Springi hubeba uzito wa gari na kuliwezesha gurudumu kupanda na kushuka bila ya bodi yote kurushwa. Shokomzoba haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya gari kupita tuta au shimo. Juu ya ekseli huwekwa mpira wa kizuizi, ambao huzuia chuma kisigonge chuma pale springi inapokandamizwa hadi mwisho. Vitu vyote vitatu vilipimwa na kiwanda kwa kimo maalumu cha gari. Kimo hicho kikibadilishwa, vipimo vyote vitatu huwa vimebadilika.

Jambo la kwanza linalopotea katika gari iliyoshushwa ni nafasi ya gurudumu kupanda. Mathalan, ikiwa kati ya ekseli ya nyuma na mpira wa kizuizi palikuwa na milimita 100, na gari ikashushwa milimita 75, hubakia milimita 25 tu. Kishindo cha tuta kilichokuwa kikimezwa katika milimita 100 sasa hulazimika kumezwa katika robo ya masafa hayo. Kwa hesabu nyepesi, nguvu ya wastani inayoipiga fremu huwa mara nne. Ndiyo sababu gari iliyoshushwa vibaya hupasuka fremu, hukatika vishikio vya shokomzoba na kulegea bodi, ingawa kwa macho huonekana nadhifu.

Wengi hujaribu kuliondoa tatizo hilo kwa kutia springi ngumu zaidi. Ni kweli kwamba springi ngumu huizuia ekseli isigonge fremu mara kwa mara. Lakini ikizidi ugumu, gurudumu halifuati tena sura ya barabara, bali hurukaruka juu yake. Tairi isiyogusa ardhi haiwezi kupiga breki wala kukata kona. Kwa hiyo lengo la urekebishaji halifai kuwa ugumu. Lengo ni kuirudishia gari nafasi ya magurudumu kupanda na kushuka, kisha kuipatia springi na shokomzoba zinazolingana na nafasi hiyo.

Njia zisizofaa

Njia ya kwanza isiyofaa ni kuichoma springi kwa moto wa gesi hadi ilegee. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kutiwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kikichomwa ovyo hupoteza sifa hiyo, na springi huendelea kulala siku hadi siku, aghalabu upande mmoja kuliko mwingine, mpaka huvunjika.

Njia ya pili ni kukata koili bila ya hesabu. Koili inapopunguzwa mizunguko huwa fupi, na wakati huo huo huwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko 10 inayofanya kazi, ukikatwa mmoja, huongezeka ugumu kwa kiasi cha asilimia 11. Aidha, ncha iliyokatwa inaweza isikae sawa katika kikombe chake, na gari inaponyanyuliwa au kuruka, springi inaweza kuchomoka.

Njia ya tatu ni kuondoa vyuma kadhaa katika springi za bapa. Gari hushuka, lakini vyuma vilivyobaki hubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na vingi. Gari ya namna hiyo ikipakiwa magunia ya karafuu au nazi na kupandishwa vilima vya Pemba, springi inaweza kukatika na ekseli kuhama mahali pake.

Njia zinazofaa

Kwa upande wa mbele, njia iliyo bora kwa gari nyingi ni kutumia stabu-ekseli iliyotengenezwa makusudi, ambayo kitovu chake cha gurudumu kimepandishwa juu. Gari hushuka, lakini springi na mikono ya chuma hubaki katika pembe zilizowekwa na kiwanda. Katika gari zenye fito za kusokota, boliti ya kurekebishia hushusha gari kwa urahisi sana, na wepesi huo ndio huwaponza wengi. Fito hailegei kwa kufanya hivyo, bali mkono wa gurudumu husogea karibu na mpira wa kizuizi, na nafasi ya kupanda hupungua.

Kwa upande wa nyuma, fundi achunguze kwanza ekseli inakaa juu ya springi za bapa au chini yake. Ikiwa juu, kipande cha chuma kigumu kikiwekwa kati ya springi na ekseli hushusha gari. Ikiwa chini, kipande hicho hicho huinyanyua, na kushusha huhitaji kuhamisha ekseli au kuagiza springi zilizokunjwa kwa kimo kipya. Vipande vya mbao visitumike kabisa, na yubolti ziwe mpya na zenye urefu unaostahiki.

Ili ekseli ipate tena nafasi ya kupanda, fremu hukatwa umbo la nusu duara juu yake. Kazi hiyo ni nzito, kwa kuwa fremu ndiyo uti wa mgongo wa gari. Sehemu iliyokatwa lazima itiwe bamba nene la kuongezea nguvu, lifungwe kwa boliti au lichomelewe na fundi mwenye ujuzi wa kuchomelea fremu.

Shokomzoba nazo zibadilishwe kwa zile fupi zinazolingana na kimo kipya. Shokomzoba ndefu ikiachwa katika gari iliyoshushwa hufika mwisho kabla ya mpira wa kizuizi kuguswa. Hapo huwa yenyewe ndiyo kizuizi, na huharibika ndani au kung'oa kishikio chake.

Mambo yanayosahauliwa

Breki ndizo za kuangaliwa mwanzo. Pikapu nyingi za Kijapani zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Bodi inaposhuka kwa uzito wa mzigo, valvu hiyo huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari ikishushwa bila ya kijiti hicho kurekebishwa, valvu hufanya kazi kana kwamba gari imepakiwa siku zote. Dereva akipiga breki kwa ghafla, gari ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma hujifunga na gari hugeuka ubavu. Wakati wa masika, barabara inapokuwa na maji, hatari hiyo huzidi. Mipira ya breki nayo ichunguzwe isivutike wala kusuguana na tairi.

Usukani nao huathirika. Mikono ya magurudumu inapobadilika pembe, tairi hulala ndani na kulika upande mmoja. Fimbo za usukani na mikono hiyo zikiwa hazisogei tena kwa mzunguko mmoja, gari huvuta kulia au kushoto kila inapopita tuta bila ya dereva kugeuza usukani. Kupangwa upya kwa magurudumu ni sehemu ya kazi, na fundi asiihesabu kuwa ni nyongeza.

Propela pia ina pembe zake. Difu ikipanda au kuinama, krosi hutetema na kuliwa mapema. Pembe hiyo hurekebishwa kwa kabari ya chuma kati ya ekseli na springi. Mwisho, taa za mbele zielekezwe upya, kwani kimo chake kimebadilika na mwanga wake unaweza kuwapata machoni wanaokuja mbele au kushindwa kufika mbali.

Mzigo na chumvi

Kuongeza chuma katika springi au kutia mifuko ya upepo hakuongezi uwezo wa gari kubeba. Mifuko ya upepo husaidia kurudisha kimo pale gari inapopakiwa, lakini ekseli, tairi, breki na fremu hubaki na kikomo kile kile kilichoandikwa na kiwanda. Pikapu iliyoshushwa kwa ajili ya mapambo isirudishwe katika kazi ya kubeba mchanga, mawe au abiria mpaka iwe imepimwa na kuthibitishwa.

Katika visiwa, hewa ya bahari nayo ni adui. Maji ya chumvi hukaa kati ya vyuma vya springi za bapa na kuvila kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Springi ya zamani isipewe kazi mpya kabla ya kufunguliwa na kusafishwa, na kila chuma kikaguliwe kama kina nyufa. Sehemu ya fremu iliyokatwa au kuchomelewa itiwe rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kwani kutu huanza pale chuma kilipoachwa wazi.

Utaratibu unaopendekezwa

(a) Gari isimamishwe mahali tambarare, na kimo cha pembe zote nne kipimwe na kuandikwa, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo wake wa kawaida.

(b) Nafasi kati ya ekseli na mpira wa kizuizi ipimwe mbele na nyuma.

(c) Kila pembe ikandamizwe kwa nguvu na kuachiwa. Gari ikiendelea kuchezacheza baada ya kupanda na kutulia mara moja, shokomzoba zimechoka.

(d) Breki, boljointi, tairodi na bushi zitengenezwe kabla ya springi kuguswa.

(e) Springi na shokomzoba zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja.

(f) Baada ya kazi, gari ijaribiwe polepole ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo, na yubolti zikazwe tena baada ya siku chache za kutembea.

(g) Mkaguzi wa magari na kampuni ya bima waarifiwe kuhusu mabadiliko yaliyofanywa, ili ajali ikitokea mwenye gari asijikute hana kinga.

Kwa mwenye fedha kidogo, breki na usukani vitangulie, kisha shokomzoba, kisha springi, na mapambo yawe ya mwisho. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Springi iliyochomwa kwa moto ni ya bei nafuu siku ya kwanza tu. Na kwa pikapu ambayo bado inategemewa kuchukua mazao, samaki au watoto wa skuli, urekebishaji ulio bora na wenye gharama ndogo aghalabu ni kuirudisha katika kimo ilichotoka nacho kiwandani.