Ukurutu wa Mtoto Mchanga

Jambiani ni mji mrefu ulio katika pwani ya mashariki ya Unguja. Nyumba zake zimepangana kandokando ya mchanga mweupe, na mbele yake bahari hutoka mbali sana wakati wa maji kupwa. Hapo wanawake huenda kulima mwani, kazi iliyoanza katika pwani hiyo mwaka 1989, na wengine hufukia makumbi ya nazi mchangani ili baadaye wapate usumba wa kusokota kamba. Mama akiwa baharini, mara nyingi mtoto mchanga hubaki nyumbani na bibi yake, au na dada yake arudipo shule.

Basi na ifikiriwe nyumba moja katika mji huo. Mtoto ana miezi mitano. Mashavu yake yamekuwa makavu, yenye kukwaruza kama ngozi ya papa. Usiku halali, hujisugua uso katika kifua cha ambebaye, na asubuhi shuka huonekana ina matone ya damu. Mama amechoka, bibi ana huzuni, na kila jirani apitaye ana neno lake. Wa kwanza asema ni pweza aliyeliwa na mama. Wa pili asema ni maji ya kisima. Wa tatu asema ni kijicho cha watu. Wa nne ameleta kichupa cha mafuta ya karafuu ili mtoto apakwe. Je, ni nani asemaye kweli? Na mtoto asaidiweje?

Ugonjwa huo huitwa ukurutu, na watu wengine huuita pumu ya ngozi. Mara nyingi huanza katika mwaka wa kwanza wa maisha. Mtoto mchanga hushikwa mashavuni, kichwani, na upande wa nje wa mikono na miguu. Akiisha kukua, ukurutu huhamia katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba ngozi huwa nyekundu. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vema. Huonekana weusi uliozidi, au rangi ya kijivu, pamoja na vipele vidogo vidogo. Kwa hiyo yafaa kupapasa kwa mkono pamoja na kutazama kwa jicho. Ukurutu ukitulia huacha mabaka, nayo hurudia rangi yake polepole.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu aweza kubebwa, kulazwa na wenzake na kuchezeshwa, bila hofu yoyote. Lakini lazima mtu asiuchanganye na maradhi mengine. Upele huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye ndani ya ngozi. Ikiwa watu wengi wa nyumba moja hujikuna usiku, na vipele vimetokea katikati ya vidole, yapasa kudhani kuwa ni upele. Maana dawa yake ni nyingine, na watu wote wa nyumba hupaswa kuitumia kwa pamoja. Harara nayo ni vipele vya joto, hutokea shingoni na mahali penye jasho, na hutulia mtoto akipata upepo. Choa huwa duara, na ukingo wake umeinuka. Asiyeweza kuyatofautisha amwulize tabibu kabla hajapaka kitu.

Sasa, ni nini asili ya ukurutu? Nyumba za zamani za Jambiani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikiwa nzima, mvua ya masika hupiga ukuta wala haiingii ndani. Chokaa ikibanduka, maji hupenya, na ukuta huanza kuharibika. Ngozi ya mtu ni kama ukuta huo. Chembe zake ni mawe, na mafuta yaliyo katikati ya chembe ndiyo chokaa. Mtoto mwenye ukurutu amezaliwa na ukuta wenye nyufa. Unyevu wa mwili hutoka nje, na ngozi hukauka. Vumbi, sabuni na jasho huingia ndani, na mwili huvipiga vita. Vita hiyo ndiyo iletayo uvimbe na mwasho. Mtoto akijikuna, kucha hubomoa ukuta zaidi, na mwasho huongezeka.

Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, katika nchi ya Uskoti, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watu wengi wa Ulaya wenye ukurutu wamerithi upungufu wa protini moja ijengayo ngozi. Katika Waafrika upungufu huo ni nadra, lakini kwao pia ukurutu hufuata ukoo. Mara nyingi katika jamaa ya mtoto huyo yupo mwenye pumu, au mwenye kupiga chafya kwa sababu ya vumbi, au aliyekuwa na ukurutu utotoni. Basi asili ya ugonjwa haikutoka kwa jirani, wala si kosa la mama.

Hata hivyo mama hawezi kumbadilishia mtoto wake ngozi. Awezalo ni kutafuta vitu viuchocheavyo ukurutu, na vitu hivyo katika pwani ya Jambiani si vichache. Sabuni ya kufulia ni kali kwa ngozi ya mtoto. Poda, udi na mafuta ya manukato huichokoza. Hata sabuni nzuri za mwani, zikiwa zimetiwa karafuu au mchaichai, zaweza kumwasha. Maana kitu kutoka katika mmea si dalili ya kuwa ni kipole, na mafuta ya karafuu ni makali kama moto kwenye ngozi yenye nyufa. Wakati wa kaskazi jasho humwasha mtoto. Upepo mkavu nao humkausha. Tena mama atokapo baharini na nguo zenye chumvi na mchanga, au atokapo kupiga makumbi na vumbi la usumba kifuani, mtoto husugua shavu lake pale pale. Yafaa mama anawe na kubadili kanga kabla hajampakata.

Lakini katika vitu vyote hivyo, ni kipi kimdhurucho mtoto huyu? Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, maana ukurutu una desturi ya kuja na kuondoka wenyewe. Wiki hii huwaka, wiki ijayo hupoa. Basi kitu kilichofanywa siku moja kabla ya kupoa husifiwa kuwa ni dawa, na kitu kilicholiwa siku moja kabla ya kuwaka hulaumiwa kuwa ni sumu, na huenda vyote viwili havina neno.

Habari ya maji itafundisha jambo hili. Maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, na sabuni haitoi povu upesi. Katika Uingereza pia ziko sehemu zenye maji kama hayo, na wazazi wengi walisema kwamba ndiyo yanayowaletea watoto wao ukurutu. Wataalamu wakafanya jaribio, na habari zake zikatangazwa mwaka 2011. Walichukua watoto 336 wenye ukurutu. Nusu yao waliwekewa nyumbani mashine ya kuondoa chokaa katika maji, na nusu hawakuwekewa. Baada ya wiki 12 wauguzi waliwatazama watoto wote, bila kujua ni yupi aliyekuwa na mashine. Watoto wenye mashine walikuwa wamepata nafuu. Lakini wale wasio na mashine nao walikuwa wamepata nafuu, sawasawa na wenzao. Kama ingalikuwa nyumba moja tu yenye mashine, wazazi wangalisema, "Mashine imetuponyesha mtoto," nao wasingalijua kwamba wamekosea.

Basi dada wa yule mtoto wa Jambiani aweza kufanya kazi ambayo jirani hawakuifanya. Achukue daftari, na kila asubuhi aandike tarehe, mtoto ameamka mara ngapi kwa mwasho, ameogeshwa kwa sabuni gani, amevishwa nguo gani, amekula nini, na hali ya hewa ilikuwaje. Baada ya wiki chache asome tangu mwanzo. Huenda akaona kwamba siku za pweza hazina tofauti na siku nyingine, lakini kila mara baada ya sabuni mpya yenye harufu nzuri, usiku huwa mbaya. Ndipo wajaribu. Waondoe sabuni ile peke yake, wasibadili kitu kingine, na wangoje wiki mbili. Wakibadili mambo matano siku moja, hawatajua ni lipi lililosaidia.

Katika habari ya chakula yapasa kuwa waangalifu zaidi. Mama wengi wakisikia neno la ukurutu huacha samaki, mayai na maziwa, hata mama mwenyewe akadhoofika na mtoto akakosa vyakula vya kumkuza. Hilo si jema. Maziwa ya mama yasikatwe, wala chakula kisiondolewe kwa kudhani tu. Ni kweli kwamba watoto wengine hudhuriwa na chakula fulani, nao huonyesha dalili upesi: baada ya dakika chache, au katika saa mbili, midomo huvimba, au mabaka yenye kuwasha hutokea, au mtoto hutapika. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa tabibu, na chakula kile asijaribiwe nacho tena nyumbani. Akishindwa kupumua vema, au akilegea, apelekwe mbio.

Hata kabla sababu haijajulikana, mtoto aweza kutulizwa. Aogeshwe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda wa dakika tano hata kumi, na sabuni isiyo na harufu itumike kidogo mahali penye uchafu tu. Akaushwe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, apakwe mafuta mwili mzima. Mafuta hayo ndiyo chokaa ya kuziba nyufa. Apakwe tena mchana na usiku, hata siku ambazo ngozi yaonekana nzuri. Maana mwenye nyumba hangoji mvua ndipo apake ukuta wake.

Mafuta mazito yasiyo na manukato hufaa sana. Mafuta safi ya nazi hufaa pia, nayo hupatikana Jambiani bila shida: nazi hukunwa, tui hukamuliwa, nalo hupikwa kwa moto mdogo hata mafuta yakajitenga, yakachujwa na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko. Katika Ufilipino, nchi iliyotoa mbegu ya mwani unaolimwa Unguja, matabibu waliwajaribu watoto 117 wenye ukurutu kwa wiki nane. Habari zake zilitangazwa mwaka 2014. Waliopakwa mafuta ya nazi walipata nafuu kuliko waliopakwa mafuta ya madini. Lakini mafuta ya zeituni, ingawa ni mazuri kwa kula, yalichunguzwa Uingereza yakaonekana kudhoofisha ngozi. Kwa hiyo yasitumiwe kwa mtoto huyu. Na kama mafuta yoyote yakimzidishia mwasho, yaachwe.

Mwasho ukizidi usiku, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi kiwekwe mahali pawashapo kwa dakika chache, kisha pakwe mafuta. Kucha za mtoto zikatwe fupi. Avishwe nguo nyepesi za pamba, zilizosuuzwa hata sabuni yote ikatoka, wala asifunikwe mno.

Ngozi ikiwa imevimba, mafuta peke yake hayatoshi. Tabibu hutoa dawa ya kupaka ipunguzayo uvimbe. Dawa za namna hii zilianza kutumiwa kwa ngozi mwaka 1952, nazo zimewasaidia watoto wengi mno. Zina nguvu za namna mbalimbali, na iliyo kali yaweza kuifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba. Kwa hiyo ipakwe ile aliyoitoa tabibu, mahali alipopaonyesha, kwa siku alizozihesabu. Krimu za dukani za kung'arisha ngozi zisimguse mtoto kabisa. Katika Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1992, ambako watu wa nchi nyingi za Afrika hufundishwa kutibu maradhi ya ngozi. Ni dalili kwamba ngozi ni jambo la elimu, si la kubahatisha.

Ziko dalili zisizongoja. Ngozi ikitoa usaha au kufanya magamba ya manjano, vijidudu vimeingia katika nyufa. Zikitokea lengelenge nyingi ndogo au vidonda vidogo vya duara, na mtoto ana homa, apelekwe hospitali siku ile ile, Makunduchi au Mnazi Mmoja mjini. Na mtu mwenye malengelenge ya mdomoni asimbusu mtoto mwenye ukurutu hata kidogo, maana lililo dogo kwa mtu mzima laweza kumwua mtoto.

Watoto wengi wenye ukurutu hupata nafuu kadiri wanavyokua. Hakuna awezaye kuahidi siku yenyewe. Lakini katika nyumba ile ya Jambiani, jioni ikifika, mama amenawa chumvi ya bahari na kubadili kanga. Bibi amewasha taa na kushika kikombe cha mafuta ya nazi. Na dada amefungua daftari lake. Anaandika: "Jana usiku ameamka mara mbili tu." Wiki iliyopita aliandika mara sita. Hajui bado kama ni sabuni iliyoachwa, au mafuta, au ni ukurutu wenyewe umepumzika. Kwa hiyo hasemi neno kwa jirani. Anageuza ukurasa, na kuandika tarehe ya kesho.